Saba Ni Samaki Mmoja

Mwongozo wa siku mbili za mapumziko Japani, kwa msafiri aliyelelewa vizuri

Ratiba ya safari ya kikazi huwa na siku nane za semina na siku mbili zilizoandikwa neno moja tu: "Mapumziko." Semina haijawahi kumdhuru mtu. Unakaa, unasinzia kwa adabu, unapewa kalamu. Hatari ya Japani iko kwenye zile siku mbili, pale unapotoka hotelini peke yako na viatu vyako vya ofisini.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakusema lolote kuhusu mtu aliyefunzwa na mamaye, akafunzika, kisha akapelekwa Tokyo. Mwongozo huu unaziba pengo hilo.

Usiitike

Ukikanyaga tu kizingiti cha duka, watu watapaza sauti: "Irasshaimase!" Maana yake ni karibu. Mtoto wa Kiswahili akikaribishwa huitika, na akishaitika huuliza habari za nyumbani. Hapo ndipo balaa huanza.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikasema ahsante, nikauliza habari za kazi. Kijana wa kaunta akainama. Nikainama. Akainama tena, kwa kuwa mimi nimeinama. Mwenzake, aliyekuwa amenipa mgongo akipanga maziwa kwenye friji, akasikia mlango na kupaza sauti ileile. Nikamgeukia na yeye. Wa tatu alikuwa stoo, nami nikamsubiri atoke ili asijione amedharauliwa. Nilikwenda kununua maji ya kunywa. Nilitoka na jasho, maji nimeyasahau.

Karibu hiyo haidai jibu. Pita kimya, chukua unachotaka, weka pesa kwenye kisahani kilichopo kaunta, si mkononi mwa mtu. Usiombe kupunguziwa. Na usiache bakshishi: niliacha sarafu chache mezani kwenye mgahawa mmoja, na mhudumu akanikimbiza barabarani mpaka kwenye taa za kuvukia, akihema, akiomba radhi kwa kunichelewesha, sarafu zangu zote kiganjani mwake.

Usiamini masikio yako

Kijapani kina irabu tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Ndiyo maana Mzungu wa semina yenu atahangaika na majina ya vituo huku wewe ukiyasoma kama majina ya shangazi zako: Asakusa, Ueno, Nakano. Wenyeji watakusifu. Sifa hizo ndizo mtego, kwa sababu utaanza kudhani unaelewa.

Simu hupokelewa kwa "moshi moshi", na kila unalosema hujibiwa "hai". Mwenzetu mmoja wa Kilimanjaro alidhani anatajiwa wilaya za kwao. Hai ni ndiyo, lakini ni ndiyo ya "nimekusikia", ndugu yake ile "sawa" ya fundi cherehani wiki ya Iddi. Ukiambiwa hai mara kumi mfululizo, bado hujakubaliwa kitu.

Mimi ni sikio. Nani ni nini. Ukijigusa kifua ukasema "mimi", umesema "sikio", mwenzako akishangaa "nani?", anauliza "nini?", nawe utamtajia jina lako. Mazungumzo ya namna hiyo yanaweza kufika mbali, kila mmoja akimwombea mwenzake apone.

Kasa ni mwavuli. Mvua ikinyesha na watu wa mapokezi wakakuuliza kama una kasa, usianze kuhubiri juu ya viumbe walio hatarini kutoweka. Tai ni samaki wa sherehe. Hakuna ndege aliyechinjwa. Saba naye ni samaki, jamaa wa karibu wa kibua. Nilipoona "saba" kwenye orodha ya chakula, kwa bei ile, nilishukuru Mungu na kuwaita wenzangu wawili tugawane. Alikuja mmoja, amechomwa vizuri, na kipande cha limau.

Pweza huitwa tako. Sentensi hiyo isome mara moja, uendelee. Utaliona neno hilo limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya vibanda, pamoja na picha ya pweza aliyefunga kitambaa kichwani, na utakuwa mtu pekee barabarani anayecheka.

Ama neno lao la dubu, hilo sitaliandika, kwa heshima ya wazazi wanaosoma. Itoshe kusema kwamba mkoa mmoja wa kisiwa cha Kyushu unaanza kwa neno hilo, na tangu mwaka 2010 mkoa huo una kikaragosi wake, dubu mweusi mwenye mashavu mekundu, anayependwa nchi nzima na kuchapishwa kwenye vikombe, soksi, biskuti na mikoba. Ni zawadi nzuri, ya bei nafuu, na jina lake limo humo kwa herufi zinazosomeka. Usimpelekee mama mkwe.

Usiweke miadi kwa mbwa

Kituo cha Shinjuku hupitisha abiria zaidi ya milioni 3 kwa siku na kina milango zaidi ya 200 ya kutokea. Kumwambia mtu "tukutane Shinjuku" ni sawa na kumwambia "tukutane Temeke". Lijue jina la mlango wako kabla hujatoka hotelini, maana ukitokea mlango usio wako utakuwa umehamia mtaa mwingine, wenye maghorofa yake na watu wake, na kurudi ni safari.

Wajanja watakushauri mkutane Shibuya, kwenye sanamu ya mbwa. Mbwa huyo, Hachiko, alikuwa akimpokea bwana wake, profesa wa chuo kikuu, kituoni hapo kila jioni. Profesa alifariki ghafla mwaka 1925 akiwa kazini. Mbwa aliendelea kuja kumsubiri karibu miaka kumi, mpaka naye alipokufa mwaka 1935. Sanamu ya kwanza ilisimamishwa mwaka 1934, mwenyewe angali hai. Ikayeyushwa wakati wa vita, na iliyopo ni ya 1948. Kisa kinatia huruma, na kwa sababu hiyo nusu ya Tokyo huwekeana miadi pale pale. Nilimsubiri mwenzangu dakika arobaini. Naye alinisubiri arobaini, upande wa mkia.

Ndani ya treni watu hukaa kimya. Usipokee simu. Usimuulize jirani anatoka wapi wala watoto wake wanasoma darasa la ngapi. Kwenye ngazi za umeme, Tokyo husimama kushoto, Osaka kulia, na atakayekosea ataona watu wakijipanga nyuma yake bila neno. Ukimya huo unauma kuliko tusi la kondakta. Treni za mwisho huondoka karibu na saa sita usiku. Ukiachwa, teksi itaila posho yako ya siku tatu.

Usidanganywe na umbo

Adui wa tumbo la msafiri ni kufananisha. Andazi jeupe, laini, linalofuka mvuke kwenye kabati la kioo pale dukani huitwa nikuman, na ndani kwa kawaida lina nguruwe. Sambusa ndogo zilizokunjwa kwa ustadi huitwa gyoza, nguruwe pia. Supu nzito ya tambi za ramen, ile nyeupe kama tui la nazi, imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe usiku kucha. Mwislamu aulize kabla ya kufungua mdomo, na ikiwa amepata shaka, aende Yoyogi-Uehara: Tokyo Camii, msikiti wa mtindo wa Kituruki uliojengwa upya mwaka 2000 mahali pa ule wa 1938, uko wazi kwa wageni, na una duka la vyakula halali.

Wasabi ina rangi ya chatne ya kotimiri. Si chatne ya kotimiri. Niliipaka kwa ukarimu, nikiwa nimeshawatambia wenyeji kwamba kwetu tunatafuna pilipili kichaa kama karanga. Lakini pilipili yetu hupigana na ulimi, na ulimi wangu ulikuwa umejiandaa. Wasabi haikushughulika na ulimi. Ilipanda puani moja kwa moja, ikafika kwenye fahamu za utotoni, nikamkumbuka mwalimu wangu wa darasa la pili.

Natto ni maharage ya soya yaliyovundikwa, yanayovuta nyuzi kutoka bakulini mpaka kidevuni. Hoteli huyaweka asubuhi mgeni akiwa bado na usingizi. Mtu wa Dodoma aliyekulia mlenda atauzoea utelezi. Harufu ajadiliane nayo mwenyewe. Chai ni ya kijani, ya moto au ya baridi, na haina sukari. Usiitafute sukari, haijasahaulika. Anpan, kwa upande mwingine, itampendeza mtu wa Pwani: ni mkate laini uliojazwa maharage mekundu yaliyopikwa kwa sukari, yaani hamri lililoamua kumeza mbaazi zake.

Kwenye mikahawa mingi ya ramen utakuta mashine mlangoni. Unaingiza pesa, unabonyeza picha, unapata tiketi, unampa mpishi. Kisha inakuja aibu kubwa kuliko zote: tambi zile huvutwa mdomoni kwa sauti. Nilikua nikikanywa kwa kijiko mezani kwa kosa hilohilo. Nilijaribu kula kimya, na tambi zikanichoma. Pumzi inayoingia pamoja nazo ndiyo inayozipooza. Nilipovuta kwa sauti mara ya kwanza niligeuka nyuma kuangalia kama mama yupo.

Vijiti vina miiko miwili isiyo na mzaha. Usivisimamishe kwenye wali, na usipokezane chakula kijiti kwa kijiti. Wali wenye vijiti vilivyosimama huwekewa marehemu, na mifupa baada ya kuchoma maiti hupokezwa hivyo kati ya jamaa. Hapa fuata tu, bila kuuliza.

Ukimaliza kula, utabaki na karatasi mkononi. Utabaki nayo mpaka usiku. Mapipa mengi ya taka yaliondolewa mitaani baada ya shambulio la gesi ya sumu katika treni za chini ya ardhi za Tokyo mwaka 1995, na watu wakazoea kurudi na taka zao nyumbani. Barabara bado ni safi kuliko sebule yangu. Beba mfuko.

Usibonyeze

Chooni mtu wa Pwani ana haki ya kutamba. Miaka yote tuliyochekwa kwa kopo letu la maji, tulikuwa tumetangulia. Mwaka 1980 kampuni ya Toto ilianza kuuza Washlet, kiti chenye maji ya kutawadha, na leo utakikuta karibu kila hoteli. Dunia imelifikia kopo la bibi kwa njia ndefu, yenye umeme.

Tofauti ni kwamba kopo halikuwa na vitufe. Hiki kina kitufe cha maji ya nyuma, cha maji ya mbele, cha kupasha kiti moto, cha kuongeza kasi, na kingine cha kutoa mlio wa bandia wa maji ili jirani asisikie mambo yako. Kitufe cha kuvutia maji mara nyingi hakipo hapo. Kipo ukutani, au ni mkono wa chuma nyuma yako. Mimi nilikitafuta kwa kujaribu kimoja kimoja, nikafika kwenye chekundu kilichojitenga. Hicho ni cha kuita msaada. Walifika upesi, wawili, wakabisha hodi kwa heshima, na lugha tuliyokuwa nayo haikutosha kueleza kwamba mgonjwa ni mzima.

Baada ya hapo utataka kutuliza moyo kwa kuoga. Nchi imekaa juu ya volkano, na chemchemi za maji ya moto, onsen, ni nyingi. Wanaume kwao, wanawake kwao, na kila mmoja anaingia bila kitu. Hakuna kikoi. Kuna kitaulo cha ukubwa wa leso, ambacho hakiruhusiwi kugusa maji, na wenyeji hukikunja na kukiweka kichwani, mahali ambapo hakikusaidii. Unajisugua kwanza ukiwa umeketi kwenye kigoda, unasuuza sabuni yote, ndipo unaingia. Mwenye tatuu aulize mapema. Sehemu nyingi humkataa.

Nilijichagulia kona yenye mvuke mwingi, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mbele yangu alikuwa mkuu wa idara iliyotualika, ambaye Jumatatu tulipeana kadi za kazi kwa mikono miwili. Akainama. Nikainama, pua ikaingia majini. Nilihisi napaswa kumpa kadi nyingine, lakini mtu asiye na mfuko hana kadi. Tulizungumza kuhusu mvua mpaka vidole vikakunjamana.

Usimwinamie mnyama

Jumapili utataka kwenda Kyoto. Treni ya Shinkansen, iliyoanza kati ya Tokyo na Osaka tarehe 1 Oktoba 1964, itakufikisha kwa saa mbili na robo hivi. Kaa upande wa kulia ili uuone mlima Fuji. Nilikaa upande wa kulia, nikaona mawingu ya hali ya juu kabisa. Kwa kuwa hakukuwa na cha kutazama, nilimfahamisha jirani yangu kwamba mlima wao una mita 3,776 na wetu 5,895. Akasema hai. Adhuhuri nilikuta "Kilimanjaro" kwenye orodha ya mkahawa: kahawa ya Tanzania huuzwa Japani kwa jina hilo hata ikiwa imelimwa Mbinga. Kwa hiyo mlima wao sikuuona kwao, ila wetu niliunywa.

Fushimi Inari ni hekalu la mungu wa mpunga na biashara, lenye maelfu ya malango mekundu yanayopanda mlima kama handaki. Ukipanda huoni maandishi. Ukishuka utaona kila nguzo imeandikwa kwa wino mweusi jina la aliyeitoa na tarehe. Ni orodha ya michango, ndugu yangu, sawa na ile ya kamati ya harusi, ila imesimamishwa mlimani na hakuna aliyeandika "ahadi". Hatua mia za mwanzo zina watu wengi kuliko stendi ya Mbagala jioni. Endelea kupanda na utabaki na miti na sanamu za mbweha. Viatu vya ofisini vitakufa hapo.

Kutoka Kyoto mpaka Nara ni kama dakika 45. Huko kuna swala zaidi ya elfu moja wanaotembea mjini bila kufungwa, wakihesabiwa kuwa wajumbe wa mungu wa hekalu la Kasuga. Wageni huuziwa biskuti za kuwalisha, na swala wamejifunza kuinamisha kichwa kabla ya kupewa. Siku zote hizo nilikuwa nikiinamiwa na kuinama. Ilikuwa imeshaingia mwilini. Swala akainama. Nikainama, kwa kirefu, kama inavyompasa mgeni. Nilipoinuka alikuwa anatafuna ratiba ya semina, kuanzia Jumatatu. Sikuidai.

Jioni, Osaka, mtaa wa Dotonbori, mtu wa Pwani atakiona kwa mbali chuma chenye mashimo ya duara na unga mwepesi ukimiminwa ndani, na machozi yatamlengalenga: vitumbua! Ni takoyaki, ambayo sasa unajua imetengenezwa kwa nini, na mji huo unaila tangu miaka ya 1930. Juu humwagiwa mchuzi mzito, kisha nyuzi nyembamba za samaki mkavu wa jamii ya jodari, ambazo mvuke huzifanya zicheze kana kwamba bado anaomba kuachwa. Nje imepoa. Ndani ni uji unaochemka. Kitumbua hutiwa mdomoni kizima na mtu anayejiamini, mimi nilijiamini. Nilisimama kwenye daraja, mdomo wazi, nikipuliza moshi, na hakuna aliyenicheka. Mzee mmoja alinipa maji. Nikamshukuru kwa kuinama, akainama, nikainama, na safari hii hakuna aliyetaka kuacha kwanza.

Usitafsiri

Nilitua Dar es Salaam alfajiri. Dereva wa teksi akapakia mzigo kwenye gari dogo lililotoka Japani mikono kadhaa iliyopita, bado lina stika za Kijapani kiooni. Akawasha. Kutoka kwenye dashibodi ikaja ile sauti ya mwanamke ambayo kila mtu mjini ameisikia: laini, ya heshima, ndefu kidogo.

Dereva akaitika, "Ahsante, mama." Kisha akanigeukia. "Huyu mama, kaka, kila asubuhi lazima anikaribishe. Miaka minne sasa. Hata nikigombana nyumbani, yeye ananikaribisha."

Nilikuwa nimeshaulizia huko sauti ile inasema nini. Inasema kadi ya kulipia barabara haijaingizwa kwenye kifaa.

"Umetoka kwao," akasema. "Ndivyo anavyosema, eti?"

"Hai," nikasema.